Njia ya Pangani hadi Kanombe

Mama mdogo alitua Kigali jioni kwa ndege iliyotoka Dar es Salaam, na giza lilipoingia alikuwa ameshakaa barazani kwangu Kabeza, miguu ameinyoosha, chai mkononi. Kabeza na uwanja wa ndege ni pua na mdomo. Sisi wakazi tumezoea kukatiza maneno katikati, ndege ipite, kisha tuendelee pale tulipoachia. Yeye hakuwa na mazoea hayo. Kila ndege iliposhuka aliinua uso, akaifuata kwa macho mpaka ikapotea nyuma ya mapaa upande wa Kanombe.

Asubuhi nilimuuliza angependa kuona nini. Nilikuwa nimejiandaa kumpeleka kule wageni wote wanakopelekwa: kuba la Kigali Convention Centre linalobadilika rangi usiku, hifadhi ya Nyandungu yenye vijia vya kutembea kati ya mabwawa na miti, soko la Kimironko kwa vitenge. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi mtu wa Pangani. Majumba mazuri nimeyaona, na ya Wajerumani nimeyaona yakianguka. Nataka unionyeshe mji huu ulianzaje."

Jibu lake lilinigusa kuliko alivyojua, kwa sababu habari ya Kigali, ukiifuata kinyumenyume mpaka chimbuko, inakufikisha kwao. Mwishoni mwa mwaka 1893 ofisa mmoja wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, alikusanya msafara wake Pangani. Alikuwa na Wazungu wenzake wachache na mamia ya wapagazi na askari, akaelekea bara kupitia nyika za Umasaini na nchi za kusini mwa Ziwa Viktoria. Mei 1894 alivuka kuingia Rwanda, nchi ambayo Ujerumani ilikuwa imejigawia kwenye ramani za Ulaya kabla Mjerumani yeyote hajakaa humo. Alimkuta Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri huko Kageyo. Mfalme yule wa vita na ushindi mwingi alimpokea, akamwacha apite. Götzen akaendelea hadi Ziwa Kivu, akapanda mlima Nyiragongo, akakata Kongo yote hadi bahari ya Atlantiki. Msomaji wa Tanzania analijua jina lake kwa jambo jingine: ndiye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa vita vya Maji Maji.

Vitabu vinampa Götzen sura nzima. Mimi nawafikiria wale mamia waliombebea mizigo. Mazungumzo ya msafara ule, amri zake na ugomvi wake usiku kando ya moto, yalikwenda kwa Kiswahili. Ndivyo lugha yetu ilivyopanda milima hii, juu ya vichwa na mabega ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Tulipanda basi kwenda mjini. Kutoka Kabeza unatokea Giporoso, ukashika barabara kuu itokayo uwanja wa ndege, kupita Remera na Gishushu, na kushoto kwako kuba la Convention Centre likachomoza. Lilifunguliwa Julai 2016, wakati wakuu wa Umoja wa Afrika walipokutana hapa, na umbo lake limeigwa kutoka nyumba ya kifalme ya Nyanza, ile ya nyasi zilizosukwa duara juu ya duara. Mama mdogo alilitazama dirishani, akasema ni zuri, basi. Karibu na hapo lipo jengo la Bunge, ambalo ukuta wake bado una matundu ya risasi na makombora. Nikamwambia hilo tutalirudia.

Kigali ya kwanza iko upande wa pili wa mji, juu ya kilima cha Nyarugenge. Tulishuka, tukatembea hadi nyumba ya Richard Kandt.

Kandt alizaliwa mwaka 1867 huko Posen, mji ambao leo ni Poznań wa Poland, katika familia ya Kiyahudi ya kina Kantorowicz, na jina hilo baadaye alilibadili. Alisomea udaktari, akatibu wagonjwa wa akili, kisha akashikwa na kiu ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1898, ndani ya msitu wa Nyungwe, kusini magharibi mwa Rwanda, alikifikia kijito cha Rukarara, akatangaza kuwa hapo ndipo Nile inapoanzia. Alijenga makazi kando ya Ziwa Kivu, akaishi humo miaka, akikusanya mimea na wanyama na kuandika habari za watu. Kitabu chake, Caput Nili, kilitoka mwaka 1904 na Wajerumani wakakisoma kwa hamu.

Kwa hiyo Ujerumani ilipoamua kuitawala Rwanda kwa mkono wa raia badala ya jeshi, mwaka 1907, ilimteua yeye kuwa Mwakilishi Mkazi. Naye ndiye aliyechagua Kigali. Mwami wa wakati huo, Yuhi wa Tano Musinga, alikuwa na makao yake Nyanza, kusini. Kandt alitaka kituo kilicho katikati ya nchi, kwenye makutano ya njia za biashara, na chenye umbali wa kutosha na ikulu ya mfalme. Akasimama juu ya Nyarugenge, mbele yake mlima Kigali wenye mita 1,850, chini mabonde ya mafunjo. Jina la mlima ule, lenye maana ya upana, likawa jina la kituo na hatimaye la mji.

Nyumba yenyewe ni ya matofali, paa la bati, baraza linalotazama bonde. Haina fahari. Kwa miaka ilikuwa makumbusho ya viumbe na madini, na tangu 2017 imepangwa upya kuwa makumbusho ya Kandt na ya enzi ya Wajerumani: picha za Rwanda kabla ya wageni, picha za Musinga akiwa kijana mrefu kati ya maofisa wafupi, ramani, na kando wapo nyoka na mamba walio hai ambao watoto wa shule hujazana kuwaona. Mama mdogo alipita haraka kwenye nyoka. Alisimama muda mrefu mbele ya picha moja ya zamani ya watu waliopanga safu, akaniuliza hawa waliovaa kofia ni nani. Nikamwambia ni askari. "Wana majina?" Niliangalia. Picha haikuwa na majina.

Hapo ndipo lilipo neno langu, na sitaki kulizungusha. Kandt anastahili makumbusho yake. Alikuwa mtu aliyeisoma nchi kabla ya kuitawala. Lakini mji haujengwi na mtu mmoja mwenye kalamu. Aliposimika bendera juu ya Nyarugenge alikuwa na askari waliotoka sehemu mbalimbali za Tanzania ya leo na ng'ambo yake, makarani, wapishi, mafundi, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara Waarabu, Wahindi na Waswahili wenye vitambaa, chumvi na shanga. Hao ndio wakazi wa mwanzo wa mji unaoitwa Kigali. Serikali ya Wajerumani iliendesha kazi zake za kila siku kwa Kiswahili, kama ilivyofanya Tanga na Tabora, na hata Mwami Musinga alijifunza kukisoma na kukiandika. Mgeni anayeambiwa leo kwamba Kiswahili kimeletwa Rwanda na Jumuiya ya Afrika Mashariki ameambiwa habari iliyokatwa kichwa.

Kandt mwenyewe aliondoka kabla tu ya vita kuu, hakurudi tena. Alifia Nürnberg katika hospitali ya jeshi, Aprili 1918. Wabelgiji walikuwa wameshaingia Kigali tangu Mei 1916.

Kutoka kwa Kandt tuliteremka kwa miguu hadi Biryogo. Jua lilikuwa kali na mama mdogo anaumwa magoti, tukapumzika mara mbili. Ukifika Biryogo hujiulizi uko wapi. Milango ya maduka iko wazi barabarani, nguo zinaning'inia, cherehani zinagonga, na salamu unayoisikia kwanza ni "Asalaam alaykum". Upo hapo msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa mkongwe kuliko yote nchini. Kijana mmoja alimsikia mama mdogo akiongea, akageuka: "Bibi, wewe wa Tanga?" Akasahihishwa kwa upole kuwa ni Pangani. Dakika mbili baadaye tulikuwa tumepewa viti.

Chini ya Wabelgiji mtaa huu uliitwa Kambi ya Waswahili, na neno kambi halikuwa la mapambo. Utawala mpya haukuwataka Waislamu wachanganyike na watu wa vilimani. Wamisionari waliwaona kama washindani, na serikali iliwaona kama mabaki ya Wajerumani. Wakawekwa mahali pamoja pembezoni mwa mji, na kutoka au kuhamia kwingine kulihitaji ruhusa. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa, hivyo mtoto wa Kiislamu alianza maisha akiwa nyuma. Neno "Mswahili" lenyewe likapata uchungu midomoni mwa wengine: mtu wa mjini asiye na shamba wala ng'ombe, mtu wa kuangaliwa mara mbili. Uhuru wa 1962 haukuufuta uchungu huo.

Lakini kutengwa huko kulizaa jambo ambalo waliowatenga hawakulitarajia. Watu waliosukumwa pembeni pamoja, Wahutu na Watutsi na waliotoka Tabora na Uvira, walioana, wakazikana, wakasali safu moja. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, Waislamu wengi wa mitaa hii walikataa kushiriki, wakawaficha watu majumbani na misikitini. Walikuwapo waliouawa kwa kuficha, na hapana budi kusema pia kwamba walikuwapo Waislamu walioua. Hata hivyo, baada ya vita, Wanyarwanda wengi walikumbuka milango ipi ilifunguliwa.

Leo baadhi ya barabara za Biryogo zimefungwa magari, zimepakwa rangi, na viti vimejaa chini ya miavuli. Watalii huja kunywa chai ya mnanaa. Si mbali, Nyamirambo, kuna kituo cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 2007 ambacho huwatembeza wageni mtaani kwa miguu, saluni, msikitini, hadi jikoni mwa mama mmoja kwa chakula cha mchana. Nawapenda kwa hilo. Wao wamefanya kile ambacho makumbusho ya juu hayajafanya: wameonyesha kwamba mtaa wenye watu hai nao ni kumbukumbu. Na mwaka 2017 Bunge lilipopitisha sheria ya kuifanya lugha yetu kuwa lugha rasmi, ya nne baada ya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, wazee wa Biryogo walikuwa wakiiongea kizazi hata kizazi.

Tulikula wali na nyama, tukanywa chai. Mama mdogo alipata mtu anayemjua mtu anayemjua shemeji yake. Nilipomwambia twende, ilinibidi nimwambie mara tatu.

Enzi ya Wabelgiji, Kigali ilikuwa mji mdogo usiopewa uzito. Ruanda-Urundi ilitawaliwa kutoka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na mji wa elimu ukawa Astrida, Huye ya sasa. Vilivyobaki Kigali kutoka siku za wakoloni ni vichache: kanisa la Sainte-Famille, lililoanza kama misheni mwaka 1913, na gereza lililojengwa mwaka 1930, ambalo kila mtu mjini alilitaja kwa mwaka wake tu, "1930", mpaka wafungwa walipohamishiwa Mageragere. Nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilichaguliwa kuwa mji mkuu ikiwa na watu 6,000 hivi. Ilichaguliwa kwa sababu ileile ya Kandt: iko katikati. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,745,555.

Kuna mambo ya Kigali ambayo siwezi kuyaita vivutio. Neno hilo halitoki mdomoni. Lakini mgeni anayeuliza mji ulianzaje lazima afikishwe, kwa sababu mji huu ulianza mara mbili.

Karibu na katikati ya mji kuna kambi ya zamani ya jeshi, Camp Kigali. Ndani zimesimama nguzo kumi za mawe, moja kwa kila askari wa Ubelgiji aliyeuawa hapo tarehe 7 Aprili 1994. Kila nguzo ina mikato inayohesabu miaka aliyoishi mwenyewe. Walikuwa sehemu ya kikosi cha Umoja wa Mataifa, wametumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, ambaye naye aliuawa siku hiyo. Mama mdogo alihesabu mikato ya nguzo moja kwa kidole, kimya, akaacha kabla hajamaliza.

Vifo vile kumi vilifanya kazi iliyokusudiwa na waliowaua: Ubelgiji iliondoa wanajeshi wake. Tarehe 11 Aprili wale waliokuwa wakilinda shule ya ufundi ya Kicukiro, ETO, walipanda magari yao wakaondoka, wakiacha nyuma watu wapatao 2,000 waliokimbilia hapo. Watu hao waliswagwa barabarani hadi kilima cha Nyanza ya Kicukiro, wakauawa. Kutoka Kabeza hadi hapo si mbali. Wengi wetu hupita barabara hiyo tukienda kazini.

Tulikwenda Gisozi siku ya tatu. Makumbusho yale yalifunguliwa Aprili 2004, miaka kumi baada ya mauaji, na katika makaburi yake wamelazwa watu zaidi ya 250,000. Sitaeleza tulivyozunguka humo. Nitasema tu kuwa kuna chumba cha picha za watoto, na kando ya kila picha imeandikwa alipenda nini, chakula gani, mchezo gani. Mama mdogo amezaa sita na kuzika mmoja. Alikaa kwenye benchi nje, kwenye bustani, mpaka jua likapinda, nami nikakaa naye.

Siku iliyofuata nililitimiza lile nililoahidi kwenye basi. Ndani ya jengo la Bunge kuna makumbusho ya vita vya kusimamisha mauaji, yaliyofunguliwa Desemba 2017. Askari 600 wa RPA, jeshi la waasi lililokuwa likipigana na serikali, waliwekwa humo tangu mwisho wa Desemba 1993, kwa mujibu wa mapatano ya amani ya Arusha, kuwalinda wanasiasa wao. Mauaji yalipoanza walijikuta wamezingirwa katikati ya mji wa adui, wakapigana humo huku wenzao wakishuka kutoka kaskazini. Mnamo Mei 22 uwanja wa ndege na kambi ya Kanombe vilitekwa. Tarehe 4 Julai mji wote ukawa mikononi mwa RPA, na tarehe hiyo ndiyo sikukuu ya ukombozi. Kigali waliyoikuta ilikuwa karibu tupu. Waliokuja kuijaza tena, wengi wao, walikuwa watoto wa Watutsi waliokimbia nchi mwaka 1959 na baadaye, waliokulia Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania. Walijenga upande huu wa mashariki, Remera na Kanombe na kwetu Kabeza. Ndiyo maana jirani yangu wa kulia ana Kiswahili cha Bukavu, na wa kushoto ana cha Bujumbura. Kigali ya pili nayo imekuja na lugha ileile.

Kanombe niliiacha hadi siku ya mwisho, ingawa ndiyo iliyo karibu na nyumbani.

Nyumba ya Rais Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka mwaka 1973, sasa ni makumbusho. Kuanzia 2018 kuta zake zimetundikwa kazi za wachoraji wa Rwanda, na ndivyo inavyoitwa: makumbusho ya sanaa. Picha ni nzuri, zipo hata za vijana wanaochanganya udongo na kitambaa. Lakini nyumba haijasahau mwenyewe. Kuna milango iliyofichwa, ngazi iliyotegwa kutambua nyayo za mtu, mbao nzito nyeusi zinazomeza mwanga. Ni nyumba ya mtu aliyeogopa.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 alikuwa akirudi kutoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa kanda, ndege yake aina ya Falcon 50, na pamoja naye Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ndege ilipigwa ikishuka kutua. Vipande vyake vilianguka ndani na kando ya bustani ya nyumba yake mwenyewe. Usiku uleule vizuizi vilisimamishwa barabarani na orodha za watu wa kuuawa zikaanza kufanyiwa kazi, orodha zilizokuwa tayari zamani.

Mabaki ya ndege bado yapo. Nyuma ya bustani kuna ukuta, na ng'ambo yake, kwenye nyasi, vimelala vipande vya bati la ndege, vimepoteza rangi kwa mvua na jua. Mama mdogo alishika ukuta kwa mikono miwili akachungulia. Upepo ulikuwa ukitikisa migomba ya jirani, na mahali fulani mtoto alikuwa akiita mbuzi.

"Ilitoka Dar es Salaam," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Jioni."

"Jioni."

Juu yetu ndege ya abiria ilikuwa inashuka, magurudumu nje, chini kiasi kwamba tuliona madirisha. Nikanyamaza kama tulivyozoea, nikingoja ipite. Naye safari hii hakuinua uso. Alibaki akitazama nyasi, mkono mmoja juu ya ukuta, hadi mlio ulipokwisha, ndipo akaniuliza ndege yake ya kesho inaondoka saa ngapi.